Kula harakaharaka uwanja wa ndege kabla ya kupanda: tupeane uzoefu

Mgeni Njiani: Wakuu, nimemwona jamaa anakimbilia geti, paja la kuku mdomoni, begi linaburuzika kwa tairi moja. Nimekumbuka mengi. Nani yamemkuta?

Bi Mkoba: Wengi tu, hatusemi.

Siti ya Dirishani: Mie nilishapita ukaguzi, muda upo, nikaagiza supu. Ikachelewa, ikaja inatokota, miwani yote mvuke. Nimepuliza kijiko cha pili nasikia spika inaita jina langu, tena wanalitafuna hadi nikajiuliza ni mimi au mwingine. Nainuka, napapasa mfukoni: pasipoti ipo, bodingi pasi haipo! Kumbe mhudumu alipokuja kuondoa glasi aliizoa pamoja na karatasi za kufutia mikono. Tukaingia jikoni, yeye na mimi, tunachakura pipa la taka: maganda ya machungwa, majani ya chai, mifupa. Tukaipata chini kabisa, imelowa mchuzi. Getini mashine ikagoma kuisoma. Yule dada akaishika kwa ncha za vidole, akainusa, akaniangalia, akaandika namba ya siti kwa kalamu. Naingia ndani, ndege nzima macho kwangu.

Kapteni Mbavu: AKAINUSA 😂😂 nimekufa

Mzee wa Foleni: Chai hiyo. Getini ukitoa pasipoti wanakuchapishia nyingine. Pipa la nini?

Bi Mkoba: Kaka, mtu anatajwa kwenye spika, akili ya kuchapisha ataitoa wapi? Acha ubishi.

Mzee wa Foleni: Si ubishi, naeleza utaratibu. Na muwe mnaangalia saa ya kupanda, siyo saa ya kuruka. Mashirika mengi hufunga geti dakika 15 au 20 kabla ya kuruka.

Mama Vikapu: Mie nabeba changu. Mkate na mayai ya kuchemsha vinapita bila maneno. Mtindi ndio walininyang'anya. Tangu 2006 kitu cha majimaji mwisho mililita 100 kwa chombo.

Kapteni Mbavu: Viwanja vingine wamelegeza siku hizi, wana mashine mpya. Lakini mayai ndani ya ndege, mama? Kumbe ni nyie!

Mama Vikapu: Nunua tiketi yako ukae mbali nami.

Daktari wa Mtaa: Maharage na soda muache. Hewa ya ndani ya ndege ni kama uko mlimani, hadi mita 2,400 hivi, gesi ya tumboni inatanuka.

Kapteni Mbavu: Mie nala maharage kila safari. Shida ni ya jirani.

Mgeni Njiani: Kuleni nje kabla ya ukaguzi, bei afadhali.

Mzee wa Foleni: Thubutu! Foleni ya ukaguzi huijui itakuwaje. Pita kwanza, kaa unapoona geti lako, na ulipe chakula kikifika, usingoje umalize.

Bi Mkoba: Hapo kwenye kulipa nakuunga mkono. Basi.

Daktari wa Mtaa: Mwenye supu, mhudumu ulimlalamikia?

Siti ya Dirishani: Nilimpa bakshishi. Yeye ndiye aliyezamisha mkono.

Mzee wa Foleni: Bado nasema wangechapisha.