Nigawe kundi letu la The Darkness au niwaache wamalizane? Naomba ushauri

Mtunza Kaseti

Wakuu, habari zenu. Nasimamia kundi la mtandaoni la mashabiki wa The Darkness na limenishinda.

Kwa wasiowajua: ni bendi ya Lowestoft, Uingereza, roki ya glamu kamili. Nguo za kubana zilizo wazi kifuani, magitaa mawili yanajibizana, na Justin Hawkins anapandisha sauti mpaka unajiuliza atashukia wapi. Albamu yao ya kwanza ya 2003 ilishika namba moja Uingereza, mwaka uliofuata wakabeba tuzo tatu za Brit. Ya pili, mwishoni mwa 2005, iliishia namba 11, na mpiga besi Frankie Poullain alikuwa ameshaondoka. 2006 Justin akajitoa baada ya kwenda kutibiwa uraibu wa kokeini na pombe. Bendi ikafa. 2011 wote wanne wa mwanzo wakarudi jukwaani pamoja.

Huko kurudi ndiko kumenigawia watu. Wapo wanaosema bendi ilizikwa 2006 na hawa wa sasa wanakula jina la marehemu. Wapo wanaosema hawa waliorudi ndio wanamuziki hasa, wale wa zamani walikuwa moto wa mabua. Kila albamu ikitoka ni vita. Ile ya 2025 ilipotoka ilibidi nifunge mjadala, matusi yalikuwa yamefika kwa wazazi wa watu. Sasa wa "kabla" wanataka niwafungulie kundi lao, na wa "baada" wanasema nikithubutu wanaondoka wote.

Nifanyeje? Nawasilisha.

GitaaBovu

Fungua makundi mawili, ulale. Uzi ufungwe.

Bibi wa Besi

GitaaBovu kila uzi wewe ni "fungua mawili", hata kwenye ndoa za watu.

Mtunza, nijibu kwanza. Hao wa "kabla" wanalalamikia nini hasa: nyimbo, watu au nguo?

Mtunza Kaseti

Vyote, dada, inategemea nani kaamka vibaya. Kuna anayeona aibu mtu aliyefikisha miaka 50 kuvaa vile na bado anasimama kwa kichwa mbele ya dramu huku akipiga makofi kwa miguu. Kuna anayesema bila Ed Graham kwenye dramu hakuna bendi. Ed aliondoka 2014, na tangu 2015 kiti kina Rufus Taylor, mtoto wa Roger Taylor, mpiga dramu wa bendi ya Queen. Lakini mwenye kelele kuliko wote ana hoja ya ajabu. Anasema zamani walikuwa wanatania kwa uso mkavu, siku hizi wanacheka utani wao wenyewe. Akishasema hivyo, mwingine anamjibu kwamba hawakuwahi kutania hata siku moja, na hapo ndipo moto unapowaka.

Sauti ya Tatu

Mkuu, umeshataja ugonjwa wenyewe na umepita kama hujauona.

2003 ukumbi wao ulijaa watu wa aina mbili. Mmoja alikuja kucheka: jamaa na suti yake ya kubana, ile sauti, zile pozi za miaka ya sabini. Mwingine alikuja kwa sababu alikuwa na njaa ya gitaa la namna hiyo, na akilia kwenye solo alikuwa analia kweli. Wakasimama bega kwa bega, wakaimba kiitikio kimoja, hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini yuko pale. Bendi nayo haikusema kama inatania, na kutosema ndiko kulikojaza ukumbi.

Halafu ikaja ile albamu ya pili. Wakamchukua Roy Thomas Baker, prodyuza aliyefanya kazi na Queen, wakarundika sauti juu ya sauti. Aliyekuja kucheka alikuwa ameshacheka, akaenda zake. Aliyebaki akadhani wote walikuwa kama yeye. Bendi ilipokufa kila mmoja akabaki na picha yake ya marehemu, hapakuwa na wa kubishana naye.

Kurudi kwa 2011 kukawakutanisha upya, na safari hii kila mmoja anadai jibu. Kama ni utani, mbona unarudiwa? Kama si utani, mbona hawajavua zile nguo? Kwa bendi ya jinzi na fulana nyeusi swali hilo halipo, inarudi na mvi zake na watu wanasema imekomaa.

Kwa hiyo ukiwagawa kwa mwaka 2006 umekata pasipo na mshono. Ndani ya hao wa "kabla" kuna wachekaji na kuna waumini. Wakishaachwa peke yao watagundua, na watapigana hukohuko.

Mdau wa Vinili

Sauti ya Tatu umeandika vizuri ila umeruka pesa. Watu wana kinyongo cha pesa na wana haki. Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani, walitia saini mkataba mbele ya waandishi 2014 kwamba baada ya 2015 hawatazunguka tena na shoo. Watu wakalipa kwenda kuaga, shoo ya mwisho ikawa Los Angeles usiku wa tarehe 31 Desemba 2015. Mwishoni mwa 2019 wakatangaza wanarudi, wakatoa na video ya mkataba ukilipuliwa. Aliyelipa kiingilio cha kuaga ana sababu ya kununa.

Bibi wa Besi

Hao ni wengine, Vinili. The Darkness hawakumuuzia mtu tiketi ya kwaheri kisha wakarudi. Walivunjika kwa ugonjwa na ugomvi. Mtu aliyekuwa anajiua kwa kokeini akipona akataka kazi yake ya zamani, unamdai nini?

Wala kurudi si lazima kuwe tamaa. New York Dolls, bendi ya glamu ya Marekani ya miaka ya sabini, walirudi jukwaani London 2004 wakiwa wamebaki watatu tu wa kile kikosi cha albamu zao mbili za mwanzo. Johnny Thunders na Jerry Nolan walishafariki. Wiki chache baadaye Arthur Kane, mpiga besi wao, naye akafa kwa saratani ya damu. Waliosema "wangeacha tu kumbukumbu ibaki safi" sijui walijisikiaje.

Mdau wa Vinili

Sawa, hilo nakubali. Lakini la Ed kubadilishwa kwenye dramu silikubali. KISS, bendi ya Marekani ya kujipaka rangi usoni, waliporudi 1996 na rangi zao usoni, wote wanne wa mwanzo, mashabiki walifurahi kwa sababu nyuso zilikuwa na wenyewe. Baadaye Tommy Thayer akapakwa rangi za Ace Frehley na Eric Singer akapakwa za Peter Criss, na watu wanagombana mpaka leo ingawa bendi ilifunga shoo zake New York Desemba 2023. Kwenye glamu sura ni sehemu ya muziki.

Bibi wa Besi

Rufus hajavaa sura ya Ed. Amekuja na yake. Hapo KISS haihusiki.

Kinda wa Roki

Samahanini wakubwa, naomba niulize. Mimi 2003 sikuwa nimezaliwa. Nilimjua Justin kupitia chaneli yake ya YouTube anayochambua nyimbo za watu, ndipo nikarudi nyuma kusikiliza bendi. Napenda ya kwanza na napenda ya mwisho. Mtunza akigawa, mimi nawekwa wapi?

GitaaBovu

Kundi la tatu.

Sauti ya Tatu

Mtunza, swali la kinda ndilo jibu lako. Usigawe. Weka masharti mawili. Anayeponda aseme wimbo gani na mahali gani pa wimbo, asiponde umri wala nguo. Na maneno "bendi halisi" yawe marufuku, hayajawahi kumaliza ubishi wowote. Wakitaka kubishana kama ni utani au si utani, waache wabishane, huo ndio mjadala wenyewe wa bendi hii na hautaisha.

Mtunza Kaseti

Nashukuru, wakuu. Sigawi. Nitabandika hayo masharti usiku huu, na yule mwenye kelele nitamwomba aandike kwa kirefu kuhusu ule uso mkavu, maana ana jambo, tatizo ni namna anavyolileta. Wanaotaka kuondoka sitawashika miguu.

Kinda wa Roki

Na atakayeandika "bendi halisi" adhabu yake nini?

Mtunza Kaseti

Asikilize albamu ya 2005 yote bila kuruka wimbo.

Bibi wa Besi

Hiyo si adhabu. Hiyo ndiyo albamu yao bora.

Mdau wa Vinili

Haya, tumeanza.