Kadi za Krismasi za mkono: stempu za dukani, fundi mihuri, au nichonge mwenyewe?

BintiShangani
Habari za jioni wana kusini. Naomba ushauri wa haraka. Nataka kutengeneza kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa mkono, zile unagonga stempu halafu unabandika karatasi zenye maua. Nina njia tatu: niagize Kariakoo seti ya stempu za plastiki (zina theluji, mti, kengele, kulungu mwenye mapembe), nimpe fundi mihuri wa hapa mjini, au nichonge mwenyewe kwenye raba ya kufutia. Karatasi pia zimenichanganya: zile za kufungia zawadi, au mabaki ya vitenge? Ipi inalipa?

Mwl_Mstaafu
Binti, unasema stempu, mimi nikafikiri za posta. Hiyo ya kugonga ni muhuri. Halafu hujasema kadi ngapi, za nani, zinatakiwa lini, na mfukoni una kiasi gani. Huwezi kumuuliza fundi bei ya nyumba kabla hujamtajia vyumba.

BiboKavu
Mwalimu ameshaanza 😂 Mtaani wote tunasema stempu na tunaelewana.

Mwl_Mstaafu
Mnaelewana hadi siku mtu akienda posta kuomba stempu ya kengele.

Nangurukuru88
Usinunue kitu. Chukua ndala iliyokufa, kata soli yake kwa wembe, gundisha kwenye kipande cha ubao. Mimi na watoto tulichonga nyota, samaki na embe. Inashika wino vizuri na haipasuki. Raba ya shule ni ndogo, ukitaka picha kubwa unaishiwa nafasi.

MakondeOriginal
Mko Mtwara halafu mnazungumzia plastiki ya China. Nendeni kwa mchongaji! Muhuri wa mpingo unadumu hadi wajukuu waurithi.

Nangurukuru88
Mpingo kwa kadi? Mgumu kama chuma, mchongaji atakula pesa yake yote. Na mti hauna mnyumbuliko. Ukigonga kwenye meza tupu, nusu ya picha inatoka na nusu inabaki. Lazima uweke kitambaa au gazeti chini ya karatasi.

MakondeOriginal
Si uweke gazeti basi, linagharimu nini?

MamaTuli_Lindi
Dada, kabla hujagusa karatasi za zawadi, nisikilize mimi niliyeungua. Mwaka juzi nilipata oda ya kadi 60 za wanakwaya. Nikanunua karatasi zile zinazong'aa, nyekundu na dhahabu, nzuri kweli kwa macho. Muhuri wa HERI nilikuwa nao, wino nikatumia ule wa ofisini wa zambarau. Gundi nikaona ya nini kununua, nikapika uji wa ngano kama tulivyofanya shuleni.

Usiku ule ilinyesha mvua ya kwanza. Asubuhi nikagusa kadi kwa kidole, kavu. Kumbe kavu ya juu tu. Karatasi ya kung'aa hainywi wino, wino unalala pale juu kama mafuta kwenye maji. Nikazipanga zote 60 kwenye boksi la viatu, nikafunga kwa kamba, nikalipakia basi la Masasi. Na joto la Desemba mnalijua.

Zilipofika, kila kadi ilikuwa na HERI nyingine mgongoni, imegeuka kama iliyoandikwa na mtoto wa chekechea. Za katikati zilikuwa tofali, huwezi kuzibandua. Na sisimizi walikuwa wameshaufuata uji. Mteja hakunigombeza. Alinitumia picha ya boksi lililofunguliwa, basi, bila neno hata moja. Nilirudisha hela yote, na kwaya ile sijawahi kuipigia makofi tena.

BiboKavu
Pole mama. Hapo kwa sisimizi nimecheka, nisamehe.

DadaRahaleo
Mama Tuli umesema kweli tupu. Karatasi ya kung'aa ibandike tu kama urembo, muhuri gonga kwenye manila isiyong'aa. Acha usiku mzima, na ukizipanga weka karatasi nyeupe kati ya kadi na kadi. Mimi lakini ni mtu wa vitenge. Fundi cherehani anakupa mabaki bure, anaona umemsaidia kufagia. Piga pasi, paka gundi ya mbao nyembamba kwa kadi ya simu ya zamani, bandika, weka vitabu juu. Ukipaka nzito inapenya kitambaa na kuacha baka.

BintiShangani
Shikamoo mwalimu, na wengine asanteni. Samahani sikueleza. Kadi ni 80. Dada yangu ni muuguzi Ujerumani, kanisani kwao wamemwomba kadi kutoka kwetu. Zinatakiwa ziwe zimefika mwanzoni mwa Desemba. Bajeti elfu sitini. Uchoraji najua kidogo.

DadaRahaleo
Ungeanza na hilo mdogo wangu!! Mzungu umpelekee theluji ya plastiki ya Kariakoo? Theluji anayo mlangoni kwake.

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Sasa tunazungumza. Piga hesabu. Karatasi ya A4 ukiikata katikati unapata A5 mbili, kila moja ukiikunja inakuwa kadi ya A6, na bahasha yake ni C6. Kwa hiyo kadi 80 ni karatasi 40 za A4. Nunua 50, utaharibu. Manila ya gramu 200 kwa mita mraba, kila kadi ina gramu 6 na robo, zote 80 ni nusu kilo kamili kabla ya kitenge na bahasha. Mzigo si mzito, mtu anayesafiri atakubali kuubeba.

Kabla ya kukunja, weka rula ya chuma, pitisha kalamu ya biki iliyokwisha wino, kandamiza. Ndipo ukunje. Bila hivyo mgongo wa kadi unachanika kama muwa.

Nangurukuru88
Na maneno yachongwe KINYUME. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze uso chini juu ya raba, sugua kwa kijiko. Penseli inahamia raba ikiwa imeshajigeuza. Chonga hivyo hivyo ilivyo, ukigonga inasomeka sawa.

MakondeOriginal
Mimi nilimpa fundi fulani muhuri wa theluji, akachonga yenye pembe nane. Nikamwambia theluji ina sita. Akaniuliza, "Wewe umeiona wapi?" Nikakosa jibu.

BiboKavu
Kwani hatuna theluji? Kilimanjaro je?

MakondeOriginal
Kilimanjaro na Mtwara wapi na wapi kaka. Huku Desemba ni jasho na mabibo.

BiboKavu
Basi ndiyo hiyo picha! Bibo na korosho yake inaning'inia chini, kama kengele kabisa. Gonga nyekundu kwa bibo, kijivu kwa korosho. Mihuri miwili midogo, raba mbili za shule.

DadaRahaleo
Hiyo nimeipenda. Mkorosho badala ya ule mti wao.

MamaTuli_Lindi
Msije mkampa mtu wazo la kugonga na bibo lenyewe. Maji yake doa halitoki, nina gauni ushahidi.

Mwl_Mstaafu
Nyongeza kidogo. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya biashara ilitoka London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mchoraji John Callcott Horsley, na iliuzwa shilingi moja, pesa ya maana wakati huo. Watu wakalalamika kwa sababu pichani familia inakunywa mvinyo na mtoto naye anapewa. Theluji haikuwa jambo lao kubwa siku ile.

BiboKavu
Kwa hiyo mwalimu unaruhusu tuchore kibuyu cha uraka, ile pombe ya mabibo?

Mwl_Mstaafu
Sikusema hivyo.

BintiShangani
😂😂 Jamani. Leo nimejaribu raba. Bibo limetoka, korosho imetoka kama figo. Wino wa ofisini kwenye manila umekauka ndani ya dakika chache, ila rangi ni bluu na zambarau tu. Nyekundu nzuri nitaipata wapi hapa mjini? Na kitenge kinachanguka nyuzi pembeni nikikata.

DadaRahaleo
Paka gundi ya mbao kwanza, iache ikauke, ndipo ukate. Kingo hazichanguki.

Nangurukuru88
Wino mwekundu waulize wale wa mihuri, wanauza chupa ndogo. Na bado nasema ndala, korosho ingetoka kubwa.

MakondeOriginal
Na mimi bado nasema mchongaji. Namjua mmoja Mikindani, ukitaka nitafute inbox.

MamaTuli_Lindi
Dada yako huko Ujerumani, hao wa kanisani hawataki na korosho zenyewe? Nina gunia la mbichi za kukaangwa, nazifunga vizuri. Kadi juu, korosho chini.

BintiShangani
Ngoja nimuulize usiku akitoka zamu.