Mteja kaleta "Tingatinga" ya akili mnemba, niweke saini yangu?

Doa Moja (Dar): Shikamooni wakubwa. Nachora Tingatinga, ile michoro yetu ya wanyama ya rangi kali, mwaka wa tisa sasa, nimefundishwa na mjomba. Juzi mteja kanionyesha picha kwenye simu, imetengenezwa na akili mnemba, anataka niihamishie kwenye turubai ya 60 kwa 60, chini niandike jina langu. Hela nzuri, sikatai. Taabu ni picha yenyewe. Chui ana macho ya mtu. Sawa, hata sisi tunamchora hivyo. Lakini katiwa kivuli miguuni, na madoa ya mgongoni yamechuruzika kama chapati ya maji. Mjomba alinifundisha doa moja moja: unazungusha la nje, unaliacha likauke, ndiyo unaingiza la ndani. Ukiharakisha, rangi inaingiliana. Nimefika nusu, mkono unagoma.

Mama Ukili: Futa hicho kivuli, mwanangu. Tingatinga na kivuli wapi na wapi?

Mzee wa Msasani: Marahaba kijana. Na saini je? Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 kwa hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu! Hao chui na twiga waliojaa Morogoro Stores, pale Dar inapouzwa michoro hii, ni kazi ya waliomwiga yeye, kisha wakaigana. Na wewe umemwiga mjomba. Kwa hiyo usiione aibu kuiga. Ila mjomba ungeweza kumuuliza kwa nini doa linakaa pale. Hiyo simu utaiuliza nini?

Mtu wa Kayole: Huku Nairobi kuna Cyrus Kabiru, hutengeneza miwani ya sanaa kwa nyaya, vyuma na mabaki ya vifaa vya elektroniki. Hakuna anayesema miwani ni ya aliyetupa redio. Chukua picha ya akili bandia kama chuma chakavu, ukate unavyotaka. Lakini mwambie mteja kabla, usije ukanyimwa pesa.

Doa Moja (Dar): Asanteni. Mzee, swali lako limeninyima usingizi. Nimempigia mteja, kasema kivuli ndicho alichokipenda! Tumebishana, mwisho kakubali nikitoe, kapunguza elfu ishirini. Madoa nayaanza upya. Jana usiku nimepiga manjano juu ya kivuli, asubuhi naangalia, bado kinaonekana. Kinataka mkono wa pili.