Mwenye nyumba ameunganisha maji ya kisima na maji ya kunywa, kisha anatuambia tuchemshe

Wanajukwaa, salaam. Ninafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha, kwa sababu kwa miezi minne nimezungumza kwa upole na hakuna aliyenisikiliza.

Ninaishi Kisauni, ghorofa ya pili, katika jengo la nyumba 12. Kama ilivyo katika majengo mengi ya Mombasa, tunatumia maji ya aina mbili: maji ya mfereji, ambayo hutufikia kwa zamu na aghalabu usiku wa manane, na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huvutwa kwa pampu kwa ajili ya kufulia, kudeki na choo. Maji hayo hayapaswi kukutana popote. Kwetu yamekutanishwa.

Nilianza kushuku asubuhi moja nilipoonja chai na kukuta ina chumvi. Nilimgombeza binti yangu nikidhani amechanganya makopo, nikaimwaga, nikateleka nyingine kwa mkono wangu mwenyewe, nayo ikawa vilevile. Ndipo nilipokinga maji moja kwa moja kwenye mfereji wa jikoni, ule tunaounywea, nikayaonja. Yalikuwa maji ya kisima. Mtoto nilikuwa nimemwonea bure.

Nilishuka na mlinzi hadi nyuma ya kibanda cha pampu, na niliyoyaona huko nimeyapiga picha. Bomba linalotoka kisimani na bomba linalotoka kwenye mita yameungwa pamoja, na kati yake kuna geti valvu moja tu (koki ya kufungia na kufungulia maji) iliyoshika kutu, ambayo fundi huifungua kila maji ya mfereji yanapokatika ili wapangaji wa juu wasilalamike kwamba mabomba yamekauka. Geti valvu si mlinzi wa maji. Ikiwa wazi hupitisha maji kwenda na kurudi bila kubagua, na usalama wa watoto wetu unategemea kumbukumbu ya mtu mmoja ambaye huenda amesafiri kwenda msibani.

Ubaya hauishii ndani ya jengo letu. Pampu ya kisima inasukuma kwa nguvu, ilhali bomba la mtaani halina maji wala shinikizo siku za mgao. Kwa hiyo maji ya kisima yanaweza kurudi nyuma, yakapita kwenye mita na kuingia katika laini ya mtaa mzima. Jirani ambaye hajawahi kukiona kisima chetu anakinywa. Na kisima chenyewe kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye matundu, mahali ambapo mashimo ya vyoo yako hatua chache tu, na hata mtoto wa shule anaweza kufikiria yale yanayopita chini kutoka shimo moja hadi jingine.

Kuna njia ya pili ambayo maji machafu hurudi, nayo haihitaji pampu. Juma lililopita kijana mmoja alikuwa akiosha tuktuk uani, akauacha mpira ndani ya ndoo ya maji ya sabuni huku mfereji ukiwa wazi. Maji ya mtaani yakakatika. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikaona povu likishuka ndani ya ndoo polepole, ilhali hapakuwa na mtu anayeyachota wala ndoo haikutoboka. Nilichomoa mpira nikaziba mdomo wa mfereji kwa kiganja, nao ukanivuta ngozi hadi ukaniachia alama ya duara. Bomba linapokauka huku watu wa upande wa chini wakiendelea kuchota, maji yanayoteremka hufyonza chochote kinachogusa mfereji ulio wazi, iwe ni sabuni, dawa ya wadudu au maji ya beseni la nepi. Na wale wanaofunga pampu zao moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ili wawahi maji kabla ya wenzao wanauzidisha mvuto huo, hata uchafu ulio nje ya bomba ukaingia kupitia nyufa.

Asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya kubuni. Mwaka 1969, katika chuo cha Holy Cross huko Massachusetts, Marekani, wachezaji wengi wa timu ya futiboli waliugua homa ya ini hadi msimu wao ukavunjwa. Wazimamoto walikuwa wamevuta maji mengi kutoka laini hiyo, shinikizo likashuka, na mfereji wa uwanjani uliokuwa ndani ya kishimo chini ya usawa wa ardhi ukafyonza maji machafu yaliyotuama humo. Mwaka 2007, katika mji wa Nokia nchini Finland, maelfu ya watu waliugua baada ya maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafishia majitaka kuingia katika maji ya kunywa. Laini ya maji hayo ya mtambo na laini ya maji ya kunywa zilitenganishwa na valvu moja, na valvu hiyo ikaachwa wazi. Valvu moja, kama yetu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi. Ya kwanza ni nafasi ya hewa: maji ya mfereji yamwagike ndani ya tangi kutoka juu, na mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa tangi kwa angalau mara mbili ya upana wa bomba hilo, yaani inchi mbili kwa bomba la inchi moja. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi bombani. Katika tangi letu la chini fundi amelirefusha bomba hadi karibu na sakafu ya tangi, eti lisipige kelele usiku, na kwa kufanya hivyo ameondoa kinga isiyogharimu hata shilingi. Ya pili ni kwenye mifereji ya uani, ambayo ifungwe kile kifaa kidogo kinachoingiza hewa pindi bomba linapoanza kufyonza. Ya tatu, na hapa nasisitiza kwa sababu mafundi wetu wanapenda njia ya mkato, ni kwamba valvu moja ya kuzuia maji kurudi haitoshi penye hatari kama yetu, kwani chembe ya mchanga au ukoko wa chumvi huweza kuizuia isifunge na hakuna atakayejua. Kuna kifaa chenye valvu mbili na tundu la kumwagia maji katikati, ambacho moja ikishindwa humwaga maji chini badala ya kuyarudisha, na hupaswa kupimwa kila mwaka. Lakini kwetu hata hicho hakihitajiki kama mabomba hayo mawili yatakatwa na kutenganishwa kabisa. Ni kazi ya fundi ya nusu siku.

Wakala wa mwenye nyumba alinijibu, "Mama, maji ya chumvi hayajaua mtu hapa, wewe chemsha tu." Kuchemsha huua vijidudu, ndiyo, lakini hakuondoi chumvi, sabuni wala dawa ya wadudu. Kampuni ya maji nayo imeniambia kwamba jukumu lake linaishia kwenye mita, kana kwamba maji yanayorudi husoma mita na kusimama. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na mimi ninalipa bili.

Iwapo kuna mkazi wa Kisauni, Likoni au Changamwe aliyefaulu kumlazimisha mwenye nyumba kutenganisha mabomba, naomba aandike hapa alianzia ofisi gani na alipeleka ushahidi gani. Mimi nina picha za kiungo hicho, na leo alfajiri nilikinga kikombe kimoja kutoka mfereji wa jikoni na kingine kutoka kisimani, nikavichemsha katika sufuria mbili hadi vikakauka. Sufuria zote mbili zimebaki na ukoko mweupe uleule.