Naombeni ushauri: kuandika maoni ya tamthilia bila kuishia kusimulia stori

MpenziWaMsimu
Wakuu, habari zenu. Nataka kuandika maoni kila wiki kuhusu tamthilia zinazotoka sasa, nikichanganya na habari za mastaa. Rasimu zina maneno kama 900, na 700 kati ya hayo yanasimulia nani kafanya nini. Maoni yenyewe yanaishia kwenye "kali sana" au "wamezingua". Nitazame vipi, niandike nini, na nikwepe vipi kuwaharibia ambao hawajaona? Hizi tetesi za "msimu mpya unakuja" nazipimaje? Asilimia za wakosoaji na takwimu za watazamaji nazo zinanichanganya. Nawasilisha.

KalamuNyekundu
Anza na mgao wa maneno. Kwenye andiko la maneno 600, stori ipewe 80 basi. Aliyeona episodi hana haja ya kusimuliwa, na ambaye hajaona hataki kusimuliwa. Maneno 80 yanatosha kusema mhusika mkuu anataka nini, nani anamzuia, na episodi imebadilisha kitu gani kati yao.

Kutazama iwe mara mbili. Mara ya kwanza weka simu mbali na usiandike chochote. Ikiisha, jipe dakika tano uandike ulichohisi na ulihisi wapi, hata kama sababu huijui: "katikati nilichoka", "mwisho haukunigusa". Mara ya pili ndiyo ya kalamu. Andika muda na kilichoonekana au kusikika: "31:40, anajibu kabla swali halijaisha". Usiandike "ameigiza vizuri", kwa sababu ukija kuandika kesho yake hutakumbuka uzuri wenyewe ulikuwa wapi. Mistari 8 hadi 12 inatosha kwa episodi ya saa moja. Ikifika 40, ujue umerudi kusimulia.

Kisha linganisha karatasi mbili. Chukua hisia moja ya mara ya kwanza, tafuta mistari miwili au mitatu inayoieleza, na hapo ndipo maoni yako yalipo. Yaliyobaki yaache, hata kama yanakupendeza.

Mfano: Adolescence ya 2025 ina episodi nne, na kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi. Kuandika "wamepiga bila kukata, wanatisha" ni kusifu kazi ya fundi tu. Sema mkupuo huo unamfanya nini mtazamaji. Kwenye episodi ya kwanza kamera inatoka nyumbani, inapanda gari la polisi, inaingia kituoni. Kwa kuwa hakuna pa kukata, hatuwezi kurukishwa ile safari, tunakaa nayo kama familia inavyokaa nayo. Sentensi hiyo haiwezi kuhamishiwa tamthilia nyingine. Kila sentensi yako ipime hivyo: ikihamishika bila kubadilika, ifute.

SikioLaTatu
Naunga mkono, ila kurudia episodi nzima kila wiki kutakuchosha kabla msimu haujafika nusu. Rudia dakika tano za mwanzo, dakika tano za mwisho, na pale tu hisia yako ilipobadilika. Rudia nzima kwa episodi ya kwanza na ya mwisho ya msimu.

Kabla hujalaumu picha na sauti, kagua runinga yako kwanza. Runinga nyingi zinatoka kiwandani na kitu cha kulainisha mwendo kimewashwa. Tamthilia nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga inabuni picha za kujazia katikati, na matokeo yake kila kitu kinaonekana kama taarifa ya habari iliyopigwa studio. Ukiandika kuwa picha imekosa uzito wakati ni runinga imebuni sehemu kubwa ya picha hizo, umewaonea watengenezaji. Ingia kwenye mipangilio ya picha, zima kulainisha mwendo, kisha chagua hali ya sinema.

Giza nalo lina sababu zaidi ya moja. Episodi ya vita ya Aprili 28, 2019 kwenye msimu wa nane wa Game of Thrones ililalamikiwa sana kuwa haionekani. Waliipiga na giza kwa makusudi, hilo ni uamuzi wa kisanii na unaruhusiwa kuukosoa. Lakini matangazo ya mtandaoni hubanwa ili yapite, na kubana kunaumiza sehemu za giza kwanza: kivuli laini kinageuka mabaka na mistari. Zima taa, tazama kwa ubora wa juu kabisa, kisha uamue kama kosa ni la mpiga picha au la njia iliyoileta.

Maneno yasiposikika, angalia kama umechagua sauti ya spika tano na runinga yako ina mbili tu. Kwenye mpangilio wa spika tano, mazungumzo hukaa kwenye spika ya katikati. Yakichanganywa vibaya kwenda spika mbili, muziki unapanda na maneno yanazama. Chagua sauti ya stereo, halafu sikiliza tena.

DawatiLaTafsiri
Nyongeza ya haraka kwa anayetazama tamthilia za lugha asiyoijua. Maandishi ya chini mara nyingi huwa ya aina mbili: yanayotafsiri mazungumzo ya asili, na yanayonakili sauti ya kuingiziwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Haya ya pili hufuata maneno yaliyokatwa ili yalingane na midomo, kwa hiyo maana hupungua. Mwaka 2021, Squid Game, tamthilia ya Kikorea, ilipotoka, watu wengi waliilaumu tafsiri bila kusema walikuwa wanasoma yapi kati ya hayo mawili. Chagua sauti ya asili na maandishi yake, na kama unakosoa mazungumzo, taja ulitumia yapi.

ChumbaChaWaandishi
Kosa kubwa la mashabiki ni kumlaumu mtu asiyehusika. Kwenye filamu, mwongozaji ndiye mwenye sauti. Kwenye tamthilia nyingi za Marekani, mwenye sauti ni mwandishi mkuu anayesimamia msimu mzima, na waongozaji hubadilika kutoka episodi hadi episodi. Mhusika akifanya jambo lisiloendana na tabia yake, usimrukie mwongozaji wa wiki hiyo. Uamuzi huo huenda ulifanywa kwenye chumba cha waandishi miezi mingi kabla kamera haijawashwa. Hata jina lililoandikwa "imeandikwa na" halimaanishi mtu huyo aliwaza peke yake, kwa kuwa stori hupangwa na kundi na msimamizi huandika upya.

Ya mwongozaji ni mengine: kamera inakaa karibu au mbali, waigizaji wamepangwaje, tukio linapumua au linakimbizwa. Mhariri wa picha ana mkono wake kwenye mwendo. Mwigizaji anaweza kuokoa mstari mbaya, lakini hawezi kuziba tundu la stori. Soma majina ya mwisho, yaandike juu ya karatasi yako kabla ya rasimu, na kila lawama uipeleke kwa mwenyewe. Kama hujui ni ya nani, laumu tukio, usitaje mtu.

MpenziWaMsimu
Asanteni sana, hili la kupima sentensi kama inahamishika limenisaidia mno. Bado spoila, takwimu na tetesi. Na kuna swali limeongezeka: msimu ukitoka wote siku moja, naandika episodi moja moja au mzigo mzima?

KalamuNyekundu
Kwa spoila, hatari kubwa iko nje ya andiko: kichwa na picha. Msomaji anaweza kuruka andiko lako, lakini kichwa kinamfikia bila kuomba. Kwa hiyo kichwa kisitaje kifo, ndoa, wala sura ya mtu aliyerudi, na picha itoke kwenye trela au episodi zilizopita. Ndani, mstari wa kwanza useme umefika wapi: "Maoni haya yanagusa hadi episodi ya 4." Weka hukumu ya jumla juu, mambo ya siri chini, na onyo katikati. Kusema "kuna mshangao mkubwa mwishoni" nako ni spoila. Mtazamaji atakaa saa nzima akiusubiri, na hautamshangaza tena.

Msimu ukitoka wote siku moja, andika mara mbili: andiko la episodi mbili za kwanza lisilo na siri, kwa anayeamua kama aanze, halafu andiko la msimu mzima baada ya siku kadhaa. Kuandika episodi moja moja wakati watu wameshamaliza hakuna msomaji. Angalia pia stori iliyokatwa katikati. Squid Game ilileta episodi 7 za msimu wa pili Desemba 26, 2024 na 6 za msimu wa tatu Juni 27, 2025, na misimu hiyo miwili ilipigwa kwa mfululizo. Ukihukumu ya Desemba kana kwamba imefika mwisho, unahukumu nusu ya stori. Unaweza kukosoa uamuzi wa kukata pale walipokata. Usidai tu kwamba stori haina majibu.

HesabuZaSkrini
Takwimu ni eneo langu, nivumilie nirefushe kidogo.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, si alama. Ni sehemu ya wakosoaji walioipenda, basi. Tuseme wakosoaji 10: tisa wametoa 6 kwa 10 na mmoja katoa 3. Asilimia ni 90, wastani ni 5.7. Tamthilia nyingine: saba wametoa 9, watatu wametoa 5. Asilimia ni 70, wastani ni 7.8. Ya pili imependwa zaidi na walioipenda, lakini asilimia yake iko chini. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, yenyewe hupiga wastani wenye uzito, yaani baadhi ya wakosoaji huhesabiwa zaidi, kwa hiyo usiweke namba za sehemu hizo mbili kwenye sentensi moja kama vile zinapima kitu kimoja. Jambo ambalo wengi hawalioni: wakosoaji mara nyingi hupewa episodi chache za mwanzo kabla ya kutoka, kwa hiyo alama ya msimu inaweza kuwa alama ya mwanzo wake tu. Angalia pia idadi ya wakosoaji. Asilimia 100 ya watu 8 haina nguvu ya asilimia 88 ya watu 90.

Kwa Netflix, tangu Juni 2023 "kutazamwa" ni jumla ya saa zilizotazamwa kugawanywa kwa urefu wa msimu. Msimu wa saa 8 ukitazamwa saa milioni 96, unahesabiwa kutazamwa mara milioni 12. Saa hizo milioni 96 zinaweza kuwa watu milioni 12 waliomaliza, au watu milioni 48 walioacha baada ya saa mbili. Namba moja, hali mbili tofauti kabisa. Usiandike "watu milioni 12 wameitazama". Andika "imehesabiwa kutazamwa mara milioni 12". Kabla ya Juni 2023 walitangaza saa tupu, na zamani zaidi walihesabu akaunti iliyotazama dakika mbili tu, kwa hiyo rekodi za miaka tofauti hazilinganishwi bila kubadilisha kipimo. Orodha za mtandaoni za Nielsen, kampuni ya kupima watazamaji, nazo hupima dakika, za Marekani, kwenye skrini za runinga. Tamthilia yenye episodi 200 ina dakika nyingi za kuchota kuliko yenye 6, na hilo halihusiani na ubora.

ChumbaChaWaandishi
Nimalizie tetesi. Jifunze ngazi, kwa sababu kila ngazi ina uzito wake: wazo limenunuliwa, mswada unaandikwa, episodi ya majaribio imeagizwa, msimu umeagizwa, upigaji umeanza, tarehe imetangazwa. Vichwa vingi vya "inakuja" viko ngazi ya kwanza au ya pili, na kazi nyingi hufia hapo. Hata ya tatu haina uhakika. HBO, waliotoa Game of Thrones, walipiga episodi ya majaribio ya tamthilia ya zama za kabla yake, mwigizaji Naomi Watts akiwemo. Oktoba 29, 2019 ikajulikana kuwa imepigwa chini, na siku hiyohiyo House of the Dragon, tamthilia nyingine ya zama za kabla, ikaagizwa moja kwa moja, episodi 10, bila ya majaribio. Kwa hiyo andika ngazi yenyewe: "mswada unaandikwa", siyo "inakuja".

Kila habari iulize nani kasema kwanza. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi chanzo. Kurasa kumi zikinukuu ukurasa mmoja, hicho ni chanzo kimoja. Kama ni magazeti na tovuti za habari za filamu kama Variety, Deadline au The Hollywood Reporter, angalia kama wamemtaja msemaji au wameandika "watu wa karibu". Mapenzi na ugomvi wa mastaa vinavyoibuka wiki ileile trela inapotoka, vipe siku mbili au tatu kabla hujaandika. Huenda ni kiki. Na mwigizaji "kuondoka" kunaweza kuwa mkataba umeisha tu.

Ucheleweshaji nao usiutafsiri haraka kuwa wameishiwa. Waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani waligoma Mei 2 hadi Septemba 27, 2023, waigizaji Julai 14 hadi Novemba 9. Tamthilia ya Severance ilianza Februari 2022 na msimu wa pili ukatoka Januari 17, 2025. Sehemu ya pengo hilo ni mgomo, na anayeandika lazima autaje.

SikioLaTatu
Ukikosea jina au tarehe, usifute kimyakimya. Sahihisha ndani, kisha chini andika kilichokuwa kimeandikwa na siku uliyorekebisha. Na zile karatasi zenye muda zitunze hadi msimu uishe: mtu akikubishia kuwa tukio halikuwa hivyo, unampa dakika na sekunde aende akaangalie mwenyewe.