Seti mpya ya nyuzi za gitaa la besi, uzi wa A umekufa tangu siku ya kufunga. Tatizo ni gitaa au ni nyuzi?

dada_besi (Dar)

Wakuu, habari za jioni.

Napiga besi kwenye bendi ya maharusi na kumbi hapa mjini. Gitaa la nyuzi nne (E, A, D, G, kutoka mnene hadi mwembamba), urefu wa uzi unaopigwa inchi 34, nyuzi za nikeli, raundi (waya wa nje wa duara), unene 45 mpaka 105 kwa elfu za inchi. Nayasema yote mapema ili mada isifike ukurasa wa tatu watu bado wananiuliza gitaa langu ni la aina gani.

Nimefunga seti mpya kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi. E iko safi, D na G ziko safi, A imekufa. Sauti inatoa, lakini ukiipiga wazi inasema "bup" halafu inazimika, wakati E jirani yake bado inaunguruma. Tyuna, kile kipima noti, nayo inahangaika: sindano inaanza juu kidogo, inashuka, inapanda tena, haitulii. Nikigusa tu uzi juu ya freti ya 12 (vile vichuma vinavyokata shingo) hamoniki, ile sauti nyembamba ya kengele, inakuja vizuri, nikibonyeza freti hiyo hiyo sauti inakuwa juu, na si juu kidogo ya kufumbia macho. Nimerudisha nyuma kile kichuma kinachobeba uzi kwenye breji, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, mpaka skrubu imefika mwisho. Nyuzi tatu nyingine hazijadai hata nusu ya hapo.

Na si mara ya kwanza. Seti iliyotangulia, duka lile lile ila jina tofauti kwenye pakiti, mgonjwa alikuwa E: kuanzia freti ya 7 kwenda juu unasikia sauti mbili kwa pamoja, zinagombana. Kiongozi wa bendi akaniambia ninawe mikono kabla ya kupiga.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Seti elfu themanini na tano! Mpiga solo wetu uzi ukimkatikia anakwenda kununua mmoja anarudi, na chenji ya soda inabaki. Mimi A moja peke yake sijawahi kuiona dukani Kariakoo, lazima ninunue familia nzima. Muuzaji nimempigia, jibu lake: "Dada, nyuzi zikishafungwa hazirudi." Sasa ubovu wake nitaujuaje zikiwa ndani ya pakiti?

Nifanyeje, na nitajuaje kwa uhakika kwamba ni uzi na si gitaa? Nawasilisha.

upepo_wa_forodhani (Unguja)

Zichemshe. Sufuria, maji yakokote, dakika kumi, zikaushe vizuri kwa taulo. Sisi huku na hewa hii ya chumvi bila kuchemsha tungeshafilisika. Kwenye taarab besi inatakiwa isikike, siyo ikohoe.

dada_besi

Kaka, mpya? Nichemshe uzi ambao haujamaliza hata nyimbo mbili?

fundi_shingo (Mwanza)

Dada, usichemshe kitu. Kuchemsha kunatoa jasho na mafuta yaliyojificha kati ya mizunguko ya uzi wa zamani, na hapo jirani yetu wa Unguja yuko sahihi kabisa. Uzi mpya hauna jasho la kutoa.

Tuanze na A. Uzi wa besi una waya wa ndani unaobeba mkazo, na waya wa nje unaozungushiwa juu yake kuongeza uzito. Utaimba vizuri endapo uzito huo umelingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na sehemu moja nzito, au waya wa nje umelegea mahali, zile sauti ndogo zinazopanda juu ya A yenyewe hazikai mahali pake. A wazi ni hezi 55, juu yake unategemea 110, 165, 220 na kuendelea. Zikipotoka, tyuna haijui imfuate nani, ndiyo maana sindano inacheza. Na ndiyo maana breji imekushinda. Breji inarekebisha urefu wa uzi, uzito haiuwezi.

Ila kabla hujamvaa muuzaji, ujue uzi mzima unaweza kuuawa siku ya kufungwa. Hilo naliona sana hapa mezani kwangu. Mtu anachomeka ncha kwenye nguzo ya ufunguo, halafu badala ya kugeuza ufunguo anauviringisha uzi kwa mkono ili amalize haraka. Kila mzunguko wa mkono unausokota uzi mzima, na msokoto hauna pa kutokea kwa kuwa kigololi cha mwisho kimebanwa kwenye breji. Ukiwa hivyo unalia kama uliofungwa kamba shingoni. Dawa yake haina gharama: legeza, chomoa kigololi kwenye breji, kiachie hewani. Kikijizungusha chenyewe, umempata mchawi. Kirudishe, kaza, sikiliza.

Pili, kukata. Kuna nyuzi ambazo waya wake wa ndani ni wa duara, hasa baadhi ya flati (zenye waya wa nje bapa). Ukizikata kabla ya kuzikunja pembe mraba, waya wa nje unateleza na uzi unakufa papo hapo. Wenye waya wa ndani wa pembe sita hauna ubishi huo sana, kwa sababu pembe zinaung'ata waya wa nje. Mimi nakunja zote bila kuuliza, halafu ndiyo nakata.

Tatu, bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele tu ya breji, na mbele tu ya mfupa wa juu kule kichwani. Uzi mnene una tabia ya kutoka pale kwa upinde badala ya kunyooka, na upinde huo mdogo unatosha kupotosha freti ya 12.

Ile E ya seti ya zamani siihukumu bado. Sauti mbili zinazogombana kwenye freti za juu, kwa uzi mnene, mara nyingi ni pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, imepandishwa mno na sumaku yake inauvuta uzi. Bonyeza E kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Mimi naacha karibu milimita 3 upande wa E na 2 upande wa G.

Ukimaliza yote hayo na A bado imelala, toa A mpya, funga A ya zamani mahali pale pale. Ya zamani ikiimba, gitaa halina kesi. Halafu chukua ile mpya, inyooshe kwenye mwanga, pitisha ukucha taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukucha ukikwama mahali, piga picha hapo.

mkanda_mweusi (Nairobi)

Fundi amemaliza, mimi naongeza moja tu: nunua venia, kile kipimo cha unene. Ile ya plastiki ya mafundi wa mbao inatosha.

Napiga nyuzi tano kanisani. Kuna seti niliyoiuziwa hapa mjini, pakiti nzuri, jina kubwa. B, ule uzi wa tano ulio mnene kuliko E, ilikuwa inapiga kelele za bati. Nikapima E kwanza kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mkononi: pakiti inasema 105, yaani milimita 2.67, venia inaniambia 2.5 na chembe. A ya 85 inatakiwa 2.16, hiyo nayo ilikuwa chini. Hapo sikuhitaji tena kuuliza kama ni bandia. Maandishi ya nyuma ya pakiti, ukiyatazama kwa utulivu, yalikuwa yamefifia kama ya fotokopi.

Swali kwa fundi nikiwa hapa: uzi wangu wa G unakufa kwenye freti ya 5 na ya 6 pekee, kila seti, hata ya bei kali. Nimebadilisha nyuzi mpaka mke wangu ameanza kuhesabu.

fundi_shingo

Ndugu yangu wa Nairobi, acha kununua nyuzi. Hiyo ni shingo. Magitaa mengi ya besi yenye shingo ndefu ya kufungwa kwa skrubu yana noti moja mbili inayomezwa, na kwenye G huwa ni maeneo hayo hayo ya freti ya 5 mpaka ya 7. Mbao inatikisika kwa kasi iliyo karibu na ya noti hiyo na kuiibia nguvu. Uzi mbovu unasumbua urefu wote, shingo inasumbua mahali pamoja seti baada ya seti. Bana kitu kizito kidogo kichwani mwa gitaa, kwa mfano klampu ndogo, usikie kama noti itahama. Ikihama, mama watoto anaweza kuacha kuhesabu.

Na kuhusu bandia: zipo, lakini msidhani kila uzi mbovu ni bandia. Hata kiwanda cha maana mashine inateleza, na ikiteleza kwenye uzi wa besi unasikia zaidi kuliko kwenye uzi mwembamba wa solo usiozungushiwa kitu.

dada_besi

Fundi, shikamoo. Nimerudi na majibu.

Kigololi nimekiachia hewani, hakikuzunguka hata kidogo. Uzi nilikuwa nimeukunja ndipo nikakata, hilo nilifundishwa na aliyenishikisha besi mara ya kwanza. Nikabonyeza mbele ya breji na mbele ya mfupa, hakuna kilichobadilika. Nikafunga A ya zamani, ile chafu, nyeusi, ya tangu mwaka jana. Imeimba! Haina mng'aro, lakini sindano ya tyuna imesimama na freti ya 12 imekubali baada ya kurudisha kile kichuma cha breji mahali pake.

Halafu ukucha. Nimepitisha A mpya kwenye mwanga wa tochi ya simu, na karibu na pale inapokaa freti ya 9 ukucha umekwama. Ukitazama kwa karibu unaona waya wa nje umepanda juu ya mwenzake, mzunguko mmoja, halafu baada yake kuna upenyo mwembamba ambao waya wa ndani unaonekana. Kwa macho ya kawaida huoni. Kwa kidole unasikia.

Pikapu nayo nimepima: upande wa E ilikuwa milimita moja na nusu! Kuna mtu aliipandisha ili besi "itoke" kwenye mixa, na simtaji kwa kuwa yumo humu. Nimeishusha. Ile E yenye sauti mbili nilishaitupa, kwa hiyo kesi yake imefungwa bila hukumu.

Jana nikaenda dukani na A mbovu mkononi na picha kwenye simu. Muuzaji akaanza na wimbo wake wa zikishafungwa hazirudi. Nikamwambia asinisikilize mimi, apitishe ukucha wake mwenyewe. Akapitisha. Akarudia. Akamwita kijana wake naye apitishe. Mwisho akafungua pakiti nyingine ya aina ile ile, akanipa A yake. Kabla sijaichukua nimeipitisha ukucha mwanzo hadi mwisho hapo hapo kaunta, wateja wananitazama.

Halafu nikamwona anaikunja ile mbovu aitie kwenye pakiti aliyoifungua. Nikamwambia hapana baba, hiyo ikate mbele yangu. Alinung'unika, lakini amechukua koleo akaikata vipande viwili.

Jumamosi besi imekaa. Asante fundi, na kaka wa Nairobi pia, venia nimeazima kwa seremala.

fundi_shingo

Marahaba dada. Ulivyomkatisha ule uzi umefanya la maana kuliko yote uliyoandika humu. Zile picha tuma pia kwa watengenezaji pamoja na namba iliyoko kwenye pakiti, wapo wanaobadilisha bila maneno mengi.

kijana_wa_kwaya (Dodoma)

Samahani wakuu, nimesoma kimya toka mwanzo. Dada, hiyo pakiti iliyobaki dukani ina E, D na G tu, sivyo? Mimi A yangu ni nzima, hizo tatu ndizo zimechoka. Unaweza kumuuliza ataiuza bei gani?

dada_besi

Nimempigia sasa hivi. Anataka elfu themanini na tano ile ile, anasema ni seti.