Seva pacha za ujumbe wa sauti: rsync, DRBD au hifadhidata?

fundi_simu
Ndugu wanajukwaa, ofisi yetu inatumia Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, na ujumbe wote wa sauti ambao wateja hutuachia umekaa kwenye seva moja tu. Nimeagizwa kuweka seva ya pili itakayoshika nafasi yake pindi ikizimika. Je, nitumie rsync (programu ya kunakili faili zilizobadilika) kila baada ya dakika 5, DRBD (inayoandika data ileile kwenye diski za seva mbili kupitia mtandao), au niuhamishie ujumbe kwenye hifadhidata? Tupo mafundi wawili tu.

waya_mwekundu
Rsync ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini itazame vizuri. Ujumbe mmoja ni angalau faili mbili: msg0000.wav yenye sauti, na msg0000.txt yenye namba ya mpigaji na saa aliyopiga. Mtu akifuta ujumbe wa kwanza na kutoka kwenye sanduku lake, Asterisk hupanga namba upya, na msg0001 huwa msg0000. Rsync ikipita katikati ya upangaji huo, pacha hubaki na sauti ya mteja mmoja na maelezo ya mwingine. Kwetu seva kuu ilizimika kabla ya mzunguko uliofuata, nami nikampigia mtu kumweleza habari za deni asilolijua.

diski_mbili
Naunga mkono DRBD kwa mpangilio wake uitwao Protocol C, ambao haithibitishi kwamba data imeandikwa mpaka ifike kwenye diski zote mbili. Ukubwa si tatizo, kwa kuwa dakika moja ya wav ya kawaida haifiki MB 1. Tatizo ni mawasiliano kati ya seva hizo kukatika: kila moja hudhani mwenzake amekufa, zote hupokea ujumbe, kisha inabidi uchague ni data ya upande upi itupwe. Kwa hiyo weka mashine ya tatu, hata isiyo na diski ya data, iwe na kura ya kuamua. Hifadhidata nayo ni nzuri, ila utalazimika kuitafutia pacha wake, na mzigo unarudi palepale.

bibi_nakala
Tusichanganye mambo, wakuu. Pacha si nakala rudufu: mtu akifuta ujumbe kimakosa, unafutika pande zote mbili sekunde hiyohiyo. Rsync basi ipewe kazi ya usiku, ikipeleka nakala zenye tarehe kwenye jengo jingine. Tena msisahau voicemail.conf, faili ya mipangilio ya ujumbe wa sauti, kwa sababu mtumiaji akibadilisha namba yake ya siri, kwa kawaida Asterisk huiandika humo, wala si kwenye folda ya ujumbe.

fundi_simu
Hilo la namba ya siri lingeniumbua. Basi ni DRBD yenye mwamuzi, pamoja na rsync ya usiku. Jumamosi nitachomoa umeme wa seva kuu huku mwenzangu akiacha ujumbe.

diski_mbili
Simu yake itakatika na ujumbe huo hautaokolewa, usishangae. Pima ule uliotangulia.